Pa Kuomba Msaada Ukisoma Chuo Kidogo cha Ubunifu Tabora

Chuo kikubwa kina jengo zima la huduma za wanafunzi. Mshauri ana ofisi yake, zahanati ipo, dirisha la mikopo lipo, maktaba haifungwi mpaka usiku. Chuo kidogo cha ubunifu huku mkoani kina walimu wa kuhesabika, mhasibu mmoja, karakana ya ushonaji, chumba cha kompyuta, na mkuu wa chuo ambaye saa nne asubuhi utamkuta darasani anafundisha kuchora. Wanafunzi wengi wakitazama hivyo wanaamini hakuna wa kuwasaidia. Wananyamaza mpaka siku wanapozuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada, au mpaka kazi ya mwisho wa muhula iwashinde kwa kukosa mita tatu za kitambaa.

Nafundisha vijana hawa, na kinachoniuma ni kwamba msaada mwingi walioukosa ulikuwepo mjini, mahali pa kufika kwa miguu. Umetawanyika tu. Sehemu iko chuoni kwa watu wawili watatu, sehemu kubwa iko kwenye ofisi za umma ambazo hakuna aliyewaambia kwamba wana haki ya kuingia, na sehemu nyingine iko kwa mafundi. Hatua hizi ni za anayesoma ubunifu wa mavazi, michoro ya kompyuta au samani hapa Tabora. Aliyeko Kigoma azitumie pia, maana SIDO (shirika la viwanda vidogo), VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na maktaba ya mkoa vipo huko vilevile.

Hatua ya 1: Jua kozi yako iko chini ya nani

Fanya hili wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua daftari la michoro. Vyuo vyetu vinafundisha kwa mifumo miwili. Upo wa ufundi stadi, ambao vyeti vyake huenda kwa ngazi ya kwanza mpaka ya tatu na ambao VETA ndiyo inayofahamika nao zaidi. Upo wa NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi, ambapo ngazi ya 4 na ya 5 ni astashahada na ya 6 ni stashahada. Msimamizi wa usajili ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Muulize msajili maswali matatu: kozi yangu iko kwenye mfumo upi, namba ya usajili ya chuo ni ipi, na jina langu limeshaingizwa kwenye mfumo au bado? Kisha hakiki mwenyewe kwenye tovuti ya NACTVET. Baraza hilo lina ofisi ya Kanda ya Magharibi hapa Tabora, kwa hiyo ukipata jibu lisiloeleweka unaweza kwenda kuuliza ana kwa ana.

Nasisitiza hili kwa sababu kila mlango wa nje utakaobisha, iwe wa mkopo, wa fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) au wa bima, utaanza kwa kukuuliza kama chuo chako kinatambulika.

Angalia pia tahajia ya jina lako. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwajuma, cha kidato cha nne Mwanajuma na NIDA kitu cha tatu, rekebisha sasa kwa hati ya kiapo, usingoje hadi mwaka wa mwisho.

Na kama ulishona kwa fundi miaka kadhaa kabla ya kuja chuoni, ulizia VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanakupima kwa vitendo na kukupa cheti cha ujuzi ulionao tayari. Kwa wengine hiyo imekuwa njia fupi kuliko kuanza upya.

Hatua ya 2: Andaa bahasha moja ya nyaraka

Tafuta bahasha ngumu au faili la plastiki. Weka cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, matokeo ya sekondari, barua ya udahili, kitambulisho cha chuo, risiti zote za ada, picha ndogo nne, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakoishi. Aliyefiwa na mzazi aongeze cheti cha kifo. Nenda steshenari uviskani vyote, ujitumie kwenye barua pepe yako, kisha futa nakala zilizobaki kwenye kompyuta ya dukani.

Usipuuze barua ya serikali ya mtaa. Mpangaji wa Isevya, Ng'ambo au Cheyo ambaye mwenyekiti wa mtaa hamjui hupata shida sana siku akitakiwa kuthibitisha anakoishi. Ukishapanga geto, nenda kajitambulishe, andikwa kwenye daftari la wakazi, na mwombe mwenye nyumba mkataba wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja.

Hatua ya 3: Uliza nani anashughulikia nini

Kwenye chuo kidogo mtu mmoja hubeba kazi tatu. Mwalimu wa michoro ndiye mshauri wa wanafunzi, karani ndiye mtunza stoo. Kwa hiyo usitafute vibao vya milangoni. Mwulize mwalimu wa darasa moja kwa moja: jambo la ugonjwa nampelekea nani? La ada? La fildi? La cherehani kuharibika mikononi mwangu? Na muhimu kuliko yote, nikiwa na malalamiko juu ya mwalimu, namwona nani ambaye si rafiki yake wa karibu? Chuo chenye uongozi mzuri kitakutajia watu wawili, ikiwezekana mmoja awe mwanamke. Kisipokuwa na jibu, serikali ya wanafunzi ilipeleke suala hilo kwenye kikao na jibu liandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Hatua ya 4: Ada, na barua ya kuiombea muda

Kwanza, lipa kwa akaunti ya chuo au kwa namba ya malipo uliyopewa, na dai risiti. Pesa ya ada haipiti kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwema namna gani.

Pili, omba kulipa kwa awamu kabla tarehe ya mwisho haijafika. Tofauti ni kubwa kuliko wanafunzi wanavyodhani. Anayekuja wiki tatu kabla ya mitihani na mpango mkononi anamkuta mhasibu ana nafasi ya kumsikiliza. Anayekuja asubuhi ya mtihani anamkuta mhasibu ana foleni ya watu ishirini na orodha iliyokwisha kusainiwa. Andika barua, hata kama unaishi jirani na mkuu wa chuo. Iwe fupi namna hii:

"Mkuu wa Chuo, YAH: OMBI LA KULIPA ADA KWA AWAMU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ubunifu wa mavazi. Nimeshalipa nusu ya ada ya muhula huu, risiti nimeambatisha. Mzazi wangu ni mkulima wa tumbaku na malipo yake hutoka wakati wa msimu wa masoko. Naomba kumalizia kiasi kilichobaki kwa awamu mbili, ya kwanza mwisho wa Mei na ya pili mwisho wa Juni. Namba ya simu ya mzazi ni hii hapa chini. Natanguliza shukrani."

Barua hii inasema umelipa nini, kwa nini umekwama, na utamaliza lini. Haina maneno ya kumlilia mtu. Ikikubaliwa, omba jibu la maandishi na ulitie kwenye ile bahasha. Siku ya awamu ikifika na pesa haijatimia, peleka kidogo ulichonacho na useme ukweli siku hiyohiyo.

Kuhusu mkopo wa serikali, niwe wazi ili usipoteze muda. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kwa sehemu kubwa imehudumia wanaosoma shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 imefungua mlango kwa stashahada pia, lakini kwa fani za kipaumbele zinazotajwa kwenye mwongozo wake wa kila mwaka. Soma mwongozo wa mwaka husika uone kama fani yako imo. Wa ngazi za ufundi stadi wasiutegemee. Ukipanga kuendelea na shahada ya ubunifu baadaye, hakiki cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, maana Bodi hukitaka kikiwa kimehakikiwa, na dirisha la maombi likishafunguliwa mfumo huelemewa na watu.

Zipo njia nyingine ambazo vijana huzionea aibu. Parokia, msikiti na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vimesomesha watoto wengi wa mkoa huu. Nenda na barua ya chuo inayotaja kiasi kinachodaiwa na namba ya akaunti ya chuo. Mfadhili akijua pesa inaingia moja kwa moja chuoni, anakubali haraka zaidi.

Hatua ya 5: Vifaa, ambako ndiko wengi hukwamia

Ada ina tarehe, kwa hiyo familia huipangia. Vifaa havina tarehe. Leo karatasi za manila, kesho zipu, keshokutwa rangi, halafu kuprinti kwa rangi kurasa kumi na mbili. Nimeona wenye vipaji vikubwa wakiacha masomo kwa sababu ya gharama hizi ndogondogo, na sioni jambo lingine linalostahili kutiliwa mkazo kuliko hili.

Anza kwa kuomba orodha ya vifaa vya muhula mzima kwa mwalimu wa kila somo. Ukiwa nayo, kaeni watu wanne au watano mgawane. Kuna vitu kila mtu lazima awe na vyake: futi kamba, mkasi wa kitambaa ambao haukati karatasi kamwe, penseli, daftari la michoro, flashi. Vingine ni vya kikundi: rula ndefu, mkasi wa karatasi, bisibisi na mafuta ya cherehani, gundi, kisu cha kukatia na ubao wake. Vilivyobaki ni vya chuo, na stoo ina utaratibu wa kuazima. Jifunze utaratibu huo. Saini ukichukua, saini ukirudisha, na kifaa kikiwa kibovu kiandikwe kibovu kabla hujakitoa mlangoni.

Kwa vazi la majaribio usikate kitenge kipya. Tumia marikani au shuka za mtumba. Sokoni utazipata kwa bei nafuu, na shuka moja ya kitanda kikubwa inatosha gauni la majaribio na mikono yake. Mabaki ya vitambaa utayapata kwa mafundi. Nenda jioni wanapofagia, salimia, sema unasoma wapi na unataka nini: "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi wa ubunifu, naomba vipande mnavyotupa, nitakuja kila Ijumaa na mfuko wangu." Fundi wa sare za shule ana mabaki mengi mno mwezi Desemba na Januari, kabla shule hazijafunguliwa, na wakati huohuo anahitaji mikono ya kusaidia kukata uzi na kuweka vifungo. Hapo unapata vipande, ujuzi, na nauli ya kurudi nyumbani. Wa samani waombe vipande vya mninga kwa maseremala kwa utaratibu uleule. Vinatosha kabisa kwa mifano midogo na mazoezi ya kuunganisha.

Kompyuta ni mzigo mwingine. Si lazima uwe na yako mwaka wa kwanza. Omba ratiba ya chumba cha kompyuta nje ya vipindi, na kama haipo, wanafunzi waiandike wenyewe na kupendekeza nani atashika ufunguo. Mkuu wa chuo hukataa kuacha chumba wazi, lakini mara nyingi hukubali akimwona mtu mwenye jina anayewajibika. Umeme nao hukatika, kwa hiyo hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na uwe na nakala mbili: kwenye flashi, na kwenye barua pepe au hifadhi ya mtandaoni.

Programu za bure zipo na ni za kweli. Inkscape ni ya kuchora nembo na mabango, GIMP ya kurekebisha picha, Krita ya kupaka rangi kwa mkono, Scribus ya kupanga kurasa, Blender ya maumbo ya pande tatu, Seamly2D ya kuchora patani za nguo. Ukishazipakua zinafanya kazi bila intaneti, na Inkscape huenda vizuri hata kwenye mashine ya zamani. Blender inataka mashine yenye nguvu. Pakueni mara moja, kwa bando la mtu mmoja, kisha mgawane kwa flashi. Autodesk hutoa programu zake bure kwa wanafunzi kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na Figma ina mpango wa bure wa elimu. Zote mbili hudai uthibitisho kwamba unasoma, na hapo ndipo jina lako kuandikwa sawasawa kwenye kitambulisho cha chuo linapokufaa. Herufi chukua Google Fonts, picha chukua Wikimedia Commons, ila soma masharti ya kila picha na mtaje aliyeipiga pale inapotakiwa. Programu za wizi zinazozunguka kwenye flashi za mitaani ziache. Virusi vyake vimeshafuta kazi za muhula mzima za darasa zima.

Ukienda kuprinti, maduka mengi mjini yanatumia CorelDRAW. Geuza maandishi yako yawe michoro, hifadhi kwa PDF, na omba kipande cha majaribio kabla ya kulipia nakala zote. Kwenda wanafunzi sita kwa pamoja na kuomba bei ya jumla ni jambo la kawaida, wenye maduka wanalielewa.

Kwa vitabu, ipo Maktaba ya Mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Jiandikishe uanachama. Hata kama rafu ya ubunifu ni ndogo, kuna meza, kuna ukimya, na mchana kuna mwanga mzuri wa kuchorea. Mkuu wa chuo anaweza pia kukuandikia barua ya kuomba kusoma kwenye maktaba za vyuo jirani, kama ile ya chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA. Na usisahau mji wenyewe. Tembe la Kwihara alikokaa Livingstone, boma la Wajerumani, stesheni ya reli na barabara za miembe ni masomo ya uwiano, nakshi na kivuli yasiyo na ada ya muhula. Chukua daftari uende.

Hatua ya 6: Kazi ikikushinda

Mwanafunzi akikwama kwenye mchoro husema "mwalimu, sielewi", na mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hana pa kuanzia. Nenda na vitu vitatu: kazi ilivyo sasa, majaribio mawili uliyokwisha kufanya, na swali moja. Kwa mfano: "Bega hili linavuta nikipandisha mkono. Nimeongeza sentimita moja hapa, bado. Nipunguze kwapa au niongeze mkono?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika mbili, hata koridoni.

Undeni pia kikao cha kukosoana, mara moja kwa wiki, watu watano. Kila mmoja abandike kazi ukutani na anyamaze wenzake wakisema wanachoona. Mwenye kazi aandike. Mwezi wa kwanza inauma, na baadhi hutaka kuacha. Msiache. Mimi nakithamini kikao hicho kuliko mihadhara yangu mwenyewe, maana kinamzoeza mtu kusikia neno gumu kuhusu kazi yake bila kulichukulia kuwa ni juu ya nafsi yake.

Ukifeli somo, uliza mara moja tarehe ya sapu (mtihani wa marudio) na kilichokupunguzia alama. Ukiugua au kufiwa, omba kuahirisha kwa barua yenye kiambatisho cha hospitali au cha serikali ya mtaa. Kutoweka kimya na kurudi muhula unaofuata kunageuka kesi ya utoro.

Hatua ya 7: Mwili na moyo

Kata bima ya afya kupitia chuo. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ina kifurushi cha wanafunzi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ulizia kiasi cha mwaka huu kwa mhasibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete ipo hapa mjini.

Pima macho mapema. Mshono unaopinda kila mara na maumivu ya kichwa baada ya saa moja ya kompyuta huenda ni macho, si uzembe. Ukiona wenzako wanatofautisha rangi ambazo kwako ni moja, mwambie mwalimu bila haya. Upofu wa rangi haumzuii mtu kubuni. Utafanya kazi kwa namba za rangi na kwa kuandika majina kwenye rili za uzi. Karakana ya samani vaa barakoa, kwa sababu vumbi la mninga husumbua pua na mapafu, na mwenye pumu alitaje siku ya kwanza.

Moyo nao huelemewa. Kulala mchana kutwa, kutokula, kuogopa kufungua kazi uliyoipenda, kuwaza kwamba heri usingekuwepo: haya mpelekee mtu siku hiyohiyo. Mshauri wa wanafunzi, mzazi, kiongozi wako wa dini, au afisa ustawi wa jamii wa manispaa wanaweza kukufikisha hospitali, ambako matatizo ya akili hutibiwa sawa na malaria. Ukimwona mwenzako yuko hivyo, usimwache peke yake. Mshike mkono mwende pamoja.

Mwenye ulemavu asisubiri kuonewa huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kwa mazingira yanayomfaa. Omba kwa barua kitu mahususi: meza ya urefu fulani, chumba cha chini, muda wa ziada kwenye mtihani wa vitendo, mkalimani wa lugha ya alama. Ombi la "naomba nisaidiwe" hupotea. Ombi la meza hupewa fundi wa kuitengeneza.

Hatua ya 8: Mtu akitaka mwili wako ili akupe alama

Hii naiandika bila kuzunguka. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Awe mwalimu, mwenye nyumba au msimamizi wa fildi, ni kosa. Hifadhi ujumbe wa simu, usifute hata kama unakutia aibu. Andika tarehe, mahali na maneno aliyosema. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii. Piga 113 kwa TAKUKURU, ni bure. Ukiwa umeshikwa au umepigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na hospitali kabla ya kuoga wala kufua nguo ulizovaa. Kosa ni la aliyetenda, na hakuna mwalimu mwenye heshima atakayekulaumu kwa kusema.

Hatua ya 9: Fildi, na kazi yako iwe ya nani

Tafuta nafasi miezi miwili kabla. Chukua barua ya utambulisho chuoni, ambatisha kurasa nne za kazi zako bora, nenda mwenyewe asubuhi. Usiishie kwenye maduka ya kuprinti. Manispaa ina kitengo cha habari kinachotengeneza mabango na machapisho. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, inahudumia wasindikaji ambao karibu wote wanahitaji lebo na vifungashio.

Hapa Tabora mteja wa kwanza wa mwanafunzi wa michoro ni asali. Mkoa unajulikana kwa asali nchi nzima, Chuo cha Nyuki kiko hapahapa, na bado asali nyingi inauzwa kwenye chupa zilizokwishatumika, bila lebo. Waombe SIDO wakukutanishe na mfugaji nyuki mmoja. Lebo yake itataka jina la bidhaa, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kufungasha, mwisho wa matumizi, namba ya bechi, na nafasi nyeupe ya msimbo wa mistari, ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Kazi moja ya kweli kama hiyo kwenye mkusanyiko wako wa kazi ina uzito kuliko nembo kumi za kampuni za kubuni. Mwezi wa Agosti, wakati wa Nanenane kwenye viwanja vya Ipuli, unaiona mezani mwa mteja na kusikia wanunuzi wanasemaje.

Kabla ya kuanza, andikianeni. Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, chini ya sheria ya mwaka 1999, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi. Lakini kazi unayoifanya ukiwa umeajiriwa yaweza kuwa ya mwajiri, kwa hiyo karatasi iseme nani anamiliki mchoro, atautumia wapi, na kwamba unaruhusiwa kuuonyesha kwenye mkusanyiko wako. Mteja akitaka nembo iwe yake peke yake sokoni, mwelekeze BRELA, wakala wa usajili wa biashara, akaisajili kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha huongezwa kwa miaka 10 kila mara.

Jaza kitabu cha fildi kila jioni na kisainiwe kila wiki. Msimamizi akihamishwa wiki ya saba, sahihi za wiki sita hakuna atakayekupa.

Hatua ya 10: Unapoondoka

Anza fomu ya kumaliza mwezi mmoja kabla: stoo, maktaba, mhasibu, hosteli, kila mmoja asaini kwamba hudaiwi. Omba barua mbili za mapendekezo kwa walimu wakiwa bado wanakumbuka kazi yako, na nakili mafaili yote kutoka kompyuta za chuo, kwa sababu hufutwa kupisha wanaoingia.

Kama mnataka kuanza karakana, undeni kikundi na wenzako wa kile kikao cha kukosoana, mkakisajili kwa afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa atataka kuona katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko la mradi; kwa andiko, SIDO wana mafunzo. Omba mashine mnayoijua kuitumia, kwa kiasi ambacho mauzo ya miezi mibaya yataweza kurejesha.

Cheti hakitoki siku ya mahafali. Achia ofisi namba ya simu usiyokusudia kuibadilisha pamoja na ya mzazi, piga kuulizia kila mwezi, na kikifika kachukue mwenyewe ukiwa na kitambulisho. Kagua jina herufi kwa herufi mbele ya msajili kabla hujasaini daftari la kupokea.